Tarehe Anayoijua Nyanya

Chini ya hema la matanga, iwe Ndhiwa au kule Muhuru Bay, siku hizi runinga haikosi. Imewekwa juu ya meza ya mbao, waya wake umevutwa hadi kwenye jenereta nyuma ya jiko, na ubavuni imechomekwa flashi yenye picha za marehemu. Waombolezaji wanasubiri mahubiri huku wakitazama maisha ya mtu wao yakipita. Marehemu anatokea mzee, ameegemea mkongojo. Mara ni kijana wa sekondari. Halafu wajukuu, halafu harusi, halafu mtoto aliyesimama bila viatu mbele ya nyumba ya nyasi, na baada yake mzee tena, safari hii kitandani hospitalini. Kila aliyeketi pale anamtambua marehemu. Kinachowapotea ni safari yake: alianzia wapi, akapitia wapi, akawaje baba wa boma hili.

Aliyetayarisha flashi hiyo hakuwa mzembe. Pengine alikesha siku mbili akikusanya picha kwa shemeji walio Nairobi, kwa binamu walio Migori mjini na kwenye albamu ya nyanya, akazipeleka saiba, akaomba zipangwe kwa tarehe. Na zilipangwa kwa tarehe kweli. Ila tarehe zenyewe zilikuwa za mafaili, si za maisha ya marehemu.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo, kwenye runinga ya matanga na kwenye fremu ya kidijitali inayowekwa juu ya kabati sebuleni Rongo au Kendu Bay. Watu huamini kwamba mashine inajua picha ni ya lini. Mashine inajua kidogo tu, na kwa picha zilizo muhimu zaidi katika nyumba nyingi za kusini mwa Nyanza, haijui lolote.

Faili moja la picha hubeba tarehe zaidi ya moja. Iliyo bora ni ile iliyoandikwa na kamera yenyewe kifyatuzi kilipobonyezwa. Kanuni ya kuiandika inaitwa Exif, ilitolewa Japani mwaka 1995, na leo karibu kila simu inaifuata: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde hufichwa ndani ya picha na kusafiri nayo. Nje ya hiyo kuna tarehe mbili zinazowekwa na kompyuta, siku faili lilipoundwa kwenye diski ile na siku lilipobadilishwa mara ya mwisho. Hizi mbili ndizo zinazopotosha. Picha ya ubatizo wa mwaka 2009 ikinakiliwa jana kwenye flashi, itahesabiwa kuwa imezaliwa jana. Na kijana wa saiba akiigeuza ikae wima, kisha akaihifadhi upya, itaonekana imebadilishwa leo. Fremu inayofuata tarehe hizo itaupeleka ubatizo mwisho wa foleni, nyuma ya picha za wiki iliyopita.

WhatsApp imeongeza fumbo juu ya fumbo. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, hupunguzwa ukubwa na tarehe yake ya Exif huondolewa. Ikifika kwenye simu ya Android hupewa jina jipya lenye tarakimu nane za tarehe, halafu herufi WA na namba. Msomaji akiona jina lenye 20251015 hudhani amepata siku ya picha. La hasha, ile ni siku picha ilipoingia kwenye simu hiyo. Oktoba 15, 2025, siku Raila Odinga alipofariki, simu za Homa Bay na Migori zilijaa picha zake, za ujana, za kutoka kizuizini, za kampeni za miaka tofauti. Maisha ya miaka themanini yakaingia kwenye mafolda yakiwa na tarehe ya siku moja. Yanayotokea kwa picha za kiongozi hutokea pia kwa picha za mjomba siku kundi la familia linapoanza kuchangishana kumbukumbu. Dawa ni nyepesi, ila lazima itangulie: anayetuma aitume picha kama hati, si kama picha. Hapo faili hufika zima, na tarehe yake ndani.

Hata kamera inaweza kukosea. Kamera ndogo za kidijitali zilizobebwa harusini miaka ya 2000 zilipoteza saa kila betri ilipokaa bila chaji, na mwenye kamera, akiwa mbioni, aliiruka ile skrini ya kuuliza tarehe. Matokeo yake ni harusi nzima yenye tarehe ya Januari 1, 2000. Kuna pia faili zinazodai ni za Januari 1, 1970, saa tisa usiku. Hiyo si tarehe ya picha yoyote. Kompyuta nyingi huhesabu muda kuanzia usiku wa manane wa siku hiyo kwa saa za Greenwich, na sisi Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Ukiiona, soma hivi: hakuna tarehe.

Kosa la saa huumiza zaidi pale kamera mbili zinapokutana. Ndugu amekuja likizo ya Desemba kutoka Minnesota, ambako Wakenya ni wengi, na kamera yake bado ina saa za huko, saa tisa nyuma yetu. Bibi harusi anavalishwa saa kumi na mbili asubuhi na simu ya dada yake inaandika 06:00. Viapo vinaliwa saa tano, na kamera ya mgeni inaandika 02:00. Picha zikichanganywa na kupangwa kwa tarehe, viapo vinatangulia mavazi. Simu hujirekebisha yenyewe kwa mtandao. Kamera hungoja mkono wa mtu. Kosa la aina hii lina nafuu moja, kwamba ni lilelile kwa kila picha ya kamera ile. Programu ya bure ya ExifTool, iliyoandikwa na Phil Harvey wa Kanada na kutolewa mwaka 2003, inaweza kusogeza saa za picha mia tano kwa amri moja.

Kisha ije fremu yenyewe. Hapa wanunuzi wengi hukata tamaa, kwa sababu maelezo kwenye boksi hutaja ukubwa wa kioo na rangi, na hayasemi kifaa hupangaje picha. Fremu za bei nafuu, pamoja na runinga nyingi zenye tundu la flashi, hupanga kwa jina la faili. Nyingine huonyesha kwa mpangilio ambao picha zilinakiliwa kwenye kadi, ya kwanza kuingia ikawa ya kwanza kuonekana. Chache husoma Exif. Badala ya kubahatisha, mtu afanye jaribio la dakika tano. Achukue picha tatu zenye tarehe sahihi ndani: ya 2010 aiite c, ya 2015 aiite a, ya 2020 aiite b. Azinakili mojamoja kwenye flashi tupu, kwanza ya 2020, kisha ya 2010, mwisho ya 2015. Achomeke atazame. Ikianza ya 2010, kifaa kinasoma tarehe. Ikianza ya 2015, kinasoma jina. Ikianza ya 2020, kinafuata mpangilio wa kunakili.

Jaribio likishafanyika, ushauri unabaki uleule kwa vyote: tarehe iandikwe mwanzoni mwa jina la faili, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na kunakili kufuate mpangilio huohuo. Kenya tumezoea kuanza na siku, na kwenye barua hakuna ubaya. Kwenye foleni ya mafaili ni maafa. Chukua 03-05-2011, 14-02-1986 na 20-01-1994. Kompyuta, inayosoma herufi kwa herufi kutoka kushoto, itaweka ya 2011 mbele, ya 1986 katikati na ya 1994 nyuma. Andika 1986-02-14, 1994-01-20, 2011-05-03, na miaka inajipanga bila kuombwa. Shirika la viwango la kimataifa lilichapisha utaratibu huu mwaka 1988 kwa jina la ISO 8601, na nguvu yake yote ni hiyo tu: mpangilio wa herufi unakuwa mpangilio wa wakati. Namba za kawaida nazo zina mtego wake, kwani picha10 inaweza kuja kabla ya picha2. Anayetaka namba aandike 002 na 010.

Kuna mengine mawili ya kifaa, na yasichukue nafasi kubwa. Tangu 2017 simu za iPhone huhifadhi picha kwa aina ya HEIC, ambayo runinga na fremu nyingi haziifungui, hivyo zigeuzwe ziwe JPEG kwanza. Na picha zinazolala ubavu kwenye fremu ilhali kwenye simu zimesimama hazijaharibika. Simu husoma alama ya Exif inayosema upande gani ni juu, na fremu haiisomi. Zizungushwe na kuhifadhiwa upya.

Yote hayo yanahusu picha zilizozaliwa za kidijitali. Sasa fungua kabati la nyanya.

Mle kuna picha za karatasi, nyeusi na nyeupe, za studio zenye pazia nyuma na za mpiga picha wa kuzunguka siku ya soko Oyugis au Isebania. Mjukuu anazipiga kwa simu, au anaziskani saiba, na papo hapo picha ya 1973 inapata tarehe ya kuskaniwa. Hakuna programu itakayoipata tarehe ya kweli, maana haimo ndani ya faili. Imo mahali pengine pawili: kwenye picha yenyewe, kwa anayejua kuisoma, na kichwani mwa mtu aliyekuwapo.

Kuisoma picha ni kazi inayostahili subira. Kwanza igeuzwe. Muhuri wa studio, mwandiko wa kalamu, jina la mpokeaji, vyote hivyo ni ushahidi, na upande wa nyuma upigwe picha pia ukae pamoja na wa mbele. Kisha yatazamwe yaliyo nyuma ya watu. Matatu yenye mstari wa njano ubavuni haiwezi kuwa ya kabla ya 2004, mwaka sheria za waziri John Michuki zilipoanza kutumika. Gari la namba inayoanza na KAA si la kabla ya 1989, na la KDA si la kabla ya 2020. Kibao cha serikali ya kaunti ni cha 2013 au baadaye, na kibao cha wilaya ya South Nyanza ni cha enzi Migori na Homa Bay zilipokuwa bado wilaya moja. Mtoto aliyeshika cheti cha KCPE si wa kabla ya 1985, mwaka mtihani huo ulipofanywa mara ya kwanza. Ghuba ya Homa Bay iliyofunikwa kijani kwa gugumaji inaelekeza kwenye miaka ya 1990 na baadaye. Na anayepiga picha kati ya Mbita na Rusinga anasimama juu ya kalenda: mashua tu, kabla ya tuta la mawe la miaka ya 1980; tuta, kwa miongo iliyofuata; daraja, tangu muongo uliopita.

Si kila mandhari hutoa ushahidi. Thimlich Ohinga, ile ngome ya mawe iliyo kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2018, na kuta zake zilizopangwa bila saruji zimesimama kwa karne kadhaa. Mwanafunzi aliyepigwa picha langoni mwaka 1995 na mtalii wa mwaka jana wana ukuta uleule nyuma yao. Hapo hutazamwa viatu, suruali, mtindo wa nywele, aina ya karatasi, au aulizwe aliyekuwapo.

Watu mashuhuri wana urahisi wao. Kisiwani Rusinga limelala kaburi la Tom Mboya, na picha zake zinaweza kupangwa karibu siku kwa siku. Alizaliwa Agosti 15, 1930, akauawa Nairobi Julai 5, 1969. Kundi la kwanza la wanafunzi 81 aliowasafirisha kwenda Marekani liliondoka Septemba 1959. Jarida la Time lilimweka jaladani Machi 7, 1960. Alikutana na John F. Kennedy kule Hyannis Port Julai mwaka huohuo. Picha ikikosa tarehe, gazeti linayo. Mvuvi wa umri wake kutoka kisiwa hichohicho, aliyepigwa picha mbili tatu maishani, hana gazeti. Ana mjane na wajukuu.

Na kumbukumbu ya mjane haikupangwa kwa namba za mwaka. Wajaluo wameandika wakati kwenye majina tangu zamani: Akinyi ni wa asubuhi, Ochieng' wa jua kali, Odhiambo wa alasiri inayoingia jioni, Otieno wa usiku, Okoth wa mvua. Ni kumbukumbu sahihi ya saa na hali ya hewa, lakini haina mwaka. Kwa Wakuria wa Kehancha, rika la tohara hubeba jina lake, na mzee akikumbuka rika la kijana aliye kwenye picha amekupa kipindi, hata kama hakutaja tarakimu. Anayemuuliza nyanya, "Hii ni ya mwaka gani?" mara nyingi atajibiwa "Sikumbuki", na atafunga kitabu akidhani habari imepotea. Aulize vingine: nani alikuwa amezaliwa? Nani alikuwa bado hai? Nyumba ile ilikuwa imeezekwa mabati? Ilikuwa kabla ya kifo cha Mzee Kenyatta, Agosti 1978? Kabla ya jaribio la mapinduzi, Agosti 1982? Kabla ya mvua za El Niño za 1997? Majibu matatu yakikutana, mwaka hujitokeza.

Nyanza imewahi kuona kwa ukubwa picha na wenye kumbukumbu wakitenganishwa. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alipiga picha nyingi miongoni mwa Wajaluo, na zikahifadhiwa Oxford, kwenye jumba la makumbusho la Pitt Rivers. Mwaka 2007 Gilbert Oteyo na Christopher Morton walizirudisha Nyanza katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kuyatafakari ya zamani. Kwa miaka sabini picha hizo zilikuwa na mwaka, maana makumbusho huandika mwaka. Walioishi mahali zilipopigwa hawakuwa nazo. Albamu za nyumbani zina hali ya kinyume: wenye habari wako pamoja na picha, chini ya paa moja, na mwaka ndio haujaandikwa. Hasara ya pili inazuilika leo hii, na kila matanga yanayopita hupunguza idadi ya wanaoweza kuizuia.

Tarehe isiyo kamili iandikwe bila kusitasita. Wakutubi wana alama zao za mashaka, zilizoingizwa kwenye viwango vya ISO mwaka 2019, ambapo 197X humaanisha mwaka wowote wa sabini. Ni nzuri kwenye maelezo, ila si mwanzoni mwa jina la faili, kwa sababu kompyuta huweka herufi baada ya tarakimu na 197X itakaa nyuma ya 1979. Ni afadhali mtu aandike mwaka anaoukisia, 1975, na kando yake neno takriban. Mpangilio utakuwa karibu na ukweli, na atakayekuja baadaye ataona wazi kwamba ni makisio. Tarehe iliyorekebishwa ikae ndani ya faili lenyewe, si kwenye akaunti ya simu peke yake: tarehe inayobadilishwa ndani ya Google Photos huhifadhiwa kwa Google, na picha ikipakuliwa yaweza kurudi na tarehe yake ya kale. Google wenyewe walifunga hifadhi ya bure isiyo na kikomo Juni 1, 2021, na tangu hapo flashi imebaki kuwa ghala la familia nyingi. Basi ziwe flashi mbili, katika nyumba mbili.

Je, tarehe ndiyo njia sahihi ya kuonyesha familia? Kwa maisha ya mtu mmoja, ndiyo, bila ubishi. Kwa boma zima jambo linahitaji busara. Boma la mzee aliyeoa wake wawili lina nyumba ya mikai, mke wa kwanza, na nyumba ya nyachira, mke wa pili, kila moja na watoto wake, sherehe zake na misiba yake. Mstari mmoja wa tarehe huchanganya nyumba hizo, na unaweza kufichua sebuleni, mbele ya wageni, kwamba mtoto fulani alitangulia harusi, au kwamba mwaka mmoja mkono wa mzee ulielekea upande mmoja tu. Hakuna sababu ya kughushi tarehe ili kuficha hayo. Hifadhi kuu ibaki kwa tarehe, yote, hata yanayouma. Fremu ipewe nakala zilizochaguliwa, folda ya nyumba hii na folda ya nyumba ile, na ndani ya kila folda miaka ifuatane. Na kabla ya kuchagua, wenye picha waulizwe.

Kazi yenyewe huonekana hivi, alasiri moja Awendo, miwa ikiwa imesimama hadi ukingo wa ua. Nyanya ameketi karibu na dirisha. Mjukuu ameweka kompyuta juu ya kiti cha plastiki, simu imewashwa kurekodi sauti, na albamu imefunguka kati yao. Picha zilizogandamana na plastiki haziondolewi kwa nguvu, zinapigwa humohumo.

"Dani, hii ni ya lini?"

"Sijui, nyakwara."

"Huyu uliyembeba ni nani?"

"Si ni baba yako. Alikuwa hajaanza kutembea. Tulikuwa tumetoka kanisani, na redio siku zile ilikuwa nyimbo za maombolezo tu, asubuhi hadi jioni. Mzee alikuwa amekufa, yule wa kwanza."

Mjukuu anaandika 1978-08, anaongeza jina la baba yake na la kanisa, kisha anafunua plastiki ya ukurasa unaofuata. Pale kuna wanawake watatu wamesimama mbele ya pazia lenye maua, na nyuma ya picha upo muhuri wa studio, bila neno lingine lolote.